Kitambaa Juu ya Paneli ya Mama Gathoni

Thika, 11 Septemba 1996

Mpendwa Mshauri,

Nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi tarehe 26 Oktoba, kwa maana siku hiyo nitapoteza mchumba au biashara, na nikiendelea hivi nitapoteza vyote viwili. Nina miaka ishirini na minne, nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kutengeneza redio hapa mjini, na kila Jumatatu nilikuwa nikimwona mzee Mukonyo akitoka kijiji cha Gatuanyaga na betri ya gari juu ya punda, ailete kuchajiwa ili watu wake watazame televisheni wiki nzima, nikajiambia kwamba jua la kwao lingeweza kufanya kazi hiyo bila kumsumbua mnyama, basi nikaanza kuuza paneli za stima ya jua.

Huwa naandika shajara kila jioni, kwa hiyo tarehe ninazokupa ni sahihi. Tarehe 3 Machi nilifunga paneli ya kwanza huko huko Gatuanyaga, juu ya mabati ya mama yake Gathoni, msichana ninayetaka kumwoa, na kwa kuwa nilitaka kuonekana mtaalamu nilimwambia, "Mama, adui wa paneli ni vumbi." Mama Gathoni ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na nyumbani kwake hakuna kitu kisichofunikwa kwa kitambaa cha kufuma: redio inacho, viti vinavyo, hata mtungi wa maji. Niliporudi tarehe 10, paneli ilikuwa imevikwa kitambaa cheupe chenye maua mekundu, kimefungwa kwa kamba pembe zote nne. Akaniuliza, "Fundi, vumbi litapitia wapi sasa?" Nami, Mshauri, nilikuwa nimeshika kikombe cha chai yake, nikasema, "Mama, inapendeza."

Kitambaa kina matundu, kwa hiyo jua hupenya kidogo, na taa huwaka kwa muda wa kuombea chakula, si wa kukila. Wanawake wanane wa kikundi wakanunua paneli, na kila paneli ikafumiwa vazi lake. Ya mzee Mukonyo niliifunga wazi, ikafanya kazi vizuri sana, lakini siku ya tatu akanijia: "Kijana, za wengine zina nguo. Mimi umeniuzia nusu?" Nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kwa Mama Gathoni kufumiwa.

Ndipo nikafanya jambo la aibu. Kwa kuogopa lawama nilianza kuwapitia kwa baiskeli nikisema ni huduma ya bure, nachukua betri zao zilizoisha chaji, mbili mbili, naacha zilizojaa, na zile nazichaji kwa stima ya kawaida chumbani kwangu Makongeni, hapa Thika. Taa za jua za Gatuanyaga zinategemea soketi moja nyuma ya kitanda changu. Mwenye nyumba aliziona betri sakafuni akaniuliza, "Bwana fundi, hilo gari unaloliunda humu litatokea mlango gani?"

Tarehe 14 Julai nilijikaza, nikapanda, nikakifungua kitambaa. Mama Gathoni alikuwa uani. "Kimeu, umeivua kwa nini? Watu wanapita." Nikamjibu kwamba nataka kukifua. Tangu hapo navifua vyote kumi kila mwisho wa mwezi, naanika, napiga pasi, na kwa kuwa siku hiyo paneli hushinda wazi, taa huwaka mpaka watu waende kulala, na akina mama wanasema ni kwa sababu ya usafi.

Gathoni anajua kila kitu. Nilimwomba amwambie mama yake, akasema, "Mwambie wewe. Wewe utarudi Thika, mimi nitabaki naye jikoni."

Tarehe 26 Oktoba akina mama arobaini kutoka Ruiru na Mwiki watakuja kuona paneli na wakiridhika wataagiza, na Mama Gathoni amesema siku hiyo isipomwaibisha, wazee wangu waje wiki inayofuata kuongea habari za ndoa. Vitambaa arobaini viko tayari. Nimefikiria sana, nikaona kwamba betri arobaini zaidi zitahitaji vyumba vitatu na punda wawili. Je, niseme ukweli, au nipendekeze vitambaa vifuliwe kila siku?

Kimeu, Makongeni

MSHAURI ANAJIBU

Kimeu,

Pole kwa miguu yako, maana kupanda baiskeli na betri mbili kwenye vumbi lile si mchezo. Pole yangu inaishia hapo. Wewe huuzi stima ya jua. Umemwondolea punda wa mzee Mukonyo kazi, ukaichukua wewe, tena bila malisho.

Unasema uliogopa lawama. Ulipenda sifa. Mama wa watu hakufanya kosa lolote: alimsikiliza mtaalamu, akachukua sindano na uzi. Nawe unamwacha asimame mbele ya wanawake arobaini kueleza jambo ambalo wewe unajua fika si kweli. Huyo ndiye unayetaka kumwita mama mkwe? Na habari ya kufua kila siku usinitajie tena.

Fanya hivi. Beba redio ndogo na paneli moja, uzifunge pamoja bila betri, uziweke uani saa sita jua likiwa kali. Mwombe Mama Gathoni aifunike paneli kwa mkono wake, kisha aifunue. Redio itanyamaza, halafu itasema. Funga mdomo hapo, umwache ajaribu mara atakazotaka. Kisha, kabla hajakuuliza, mweleze habari za betri na soketi, na useme "Nilikudanganya, Mama." Usiseme "kulitokea tatizo." Paneli huoshwa kwa maji na kitambaa laini asubuhi, basi. Zile kazi zake nzuri zirudi kwenye viti. Akikubali, yeye mwenyewe awaonyeshe wageni tarehe 26. Akikataa, waonyeshe wewe, hata wakinunua wanne tu. Kuhusu Gathoni, hakuna mzazi anayemkabidhi binti yake kwa mtu anayeogopa kufungua kamba nne, kwa hiyo hapo huna cha kupoteza ambacho hujaanza kukipoteza.

Jambo moja zaidi. Majina ya watu nimeyabadilisha, lakini mapaa kumi yenye nguo za maua siwezi kuyabadilisha, na upande wa kwenu sidhani kama yapo mengine. Gazeti hili hufika Thika asubuhi na mapema. Wauzaji wananiambia maduka ya Gatuanyaga hulipata kwenye saa saba mchana. Kama unasoma haya huku unakunywa chai, iache. Ukifika kwake kabla ya gazeti, utakuwa umeungama. Ukifika baada yake, utakuwa umekamatwa.