Riwaya Mbili za Watu Waliorudi Kwao

Muyinga, Jumatano. Ukungu umekaa vilimani tangu alfajiri, kisha ikaja mvua nyembamba isiyo na haraka. Hakuna aliyeleta nguo ya kushona. Nimechoka, na sijafanya kazi yoyote.

Mwezi huu nimesoma riwaya mbili. Zote nimeazima kwa mwenye duka la vitambaa ambaye barazani kwake ninaweka cherehani yangu. Malori ya Tanzania humletea vitabu pamoja na majora, naye hupenda kuvipanga kuliko kuvisoma. Zote mbili zinamsimulia mtu aliyekimbia vita, kisha akarudi kwao.

Ya kwanza iliniudhi. Shujaa anarudi baada ya miaka mingi, anaingiza ufunguo, mlango unafunguka. Hata mchwa hajagusa mbao. Na siku ya kukimbia, watu wake hawasahau kitu: wanabeba chakula, mablanketi, picha ya babu. Sisi tulipokimbia kwetu Gitega tulibeba pasi ya makaa, tukaacha unga. Mpaka leo sijui kwa nini niliichukua ile pasi. Ilikuwa karibu na mkono.

Ya pili ni kitabu kizuri, na ndicho kilichoniletea balaa.

Humo mtu anarudi na kukuta familia nyingine ndani ya nyumba yake. Mwandishi hana papara. Anamsimamisha ng'ambo ya barabara kurasa nyingi, akitazama nguo za watoto asiowajua zikiwa zimeanikwa kwenye kamba aliyoifunga yeye mwenyewe. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatazama mvua. Mbele zaidi maneno yanakuwa makali, na panga linatolewa.

Mke wangu, Mama Hamisi, macho yake hayaoni tena herufi, kwa hiyo jioni humsomea. Nilimsomea hii ya pili. Nilichagua kwa makusudi.

Kabla ya hapo Saleh, dereva wa lori anayepita hapa kwenda Gitega, alikuwa ametuletea ujumbe. Katika nyumba yetu kule anakaa mjane aliyekimbia vita kwao Buraza na watoto wake. Hilo tunalijua kwa miaka, wala hatukumlaumu. Sasa kwao kumetulia kidogo, anataka kurudi shambani. Alimwambia Saleh: "Wambie wenye nyumba waje. Kuko watu wanaitaka. Ufunguo nitaweka mkononi mwao, si mwa mwingine." Atangoja mpaka maharage yavunwe, basi. Tusipokwenda, nyumba itapata bwana mwingine.

Mama Hamisi alianza kukunja nguo siku ileile. Mimi nikaanza kusoma kwa sauti.

Jioni za mwanzo alisikiliza kimya, akichambua maharage kwa vidole. Mara moja tu alinikatiza: "Huyu bwana anatembea toka juzi, hajala hata kiazi. Aliyeandika hii kitabu hajakimbia huyu." Nilicheka, nikaendelea.

Jana nilifika kwenye panga. Nikapunguza mwendo, nikaongeza sauti. Yeye akaweka ungo chini.

"Baba Hamisi, we uko unanisomea ama uko unanitisha?"

Niligeuza ukurasa.

"Kama ni kutisha, umechelewa. Mi niliogopa zamani, nikamaliza. Mi nataka kuona kaburi ya Hamisi, kama imeota majani niyang'oe. Nyumba ni yako. Ukitaka, wape hata mbuzi."

Akachukua ungo wake, akaendelea kuchambua.

Hamisi alikuwa mtoto wetu wa pekee. Tulimzika Gitega alasiri moja, kwa haraka, watu wachache wakitazama barabara kuliko kaburi. Asubuhi yake tukaondoka. Hata dua ya siku ya tatu tuliisomea njiani, nyuma ya lori la mtu.

Tangu hapo mimi huzungumzia nyumba. Mabati yake, mlimao wa uani, ukuta niliotaka kuupiga lipu. Waandishi wote wawili wanadhani anayerudi anarudia nyumba, nami nimekubaliana nao miaka yote hii, kwa sababu nyumba naweza kuitaja bila sauti kukatika.

Panga silo ninaloliogopa.

Naogopa kusimama pale kaburini nikiwa mzee kuliko alivyoniacha, naye akiwa kijana vilevile.

Leo hatukusoma. Alinipa chai, hakuniuliza kitu, na kimya chake kimenichosha kuliko ugomvi. Nimekaa na kitabu magotini mchana kutwa. Bado ni kitabu kizuri. Mwandishi wake anajua kamba ya nguo, anajua barabara, anajua aibu ya mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe. Lakini amempa yule mtu nyumba tu, hakumpa mtu wa kumrudia. Labda ndiyo maana panga lilimjia mkononi kirahisi.

Saleh anaondoka tena Ijumaa. Kesho asubuhi nitamtafuta kabla hajapakia, nimwombe nafasi mbili za mbele, maana magoti ya Mama Hamisi hayapandi tena nyuma ya lori. Njia yenyewe siku hizi haina ahadi. Huenda wanajeshi wakaturudisha kwenye kizuizi cha kwanza, huenda tukafika.

Nikishazipata nafasi, nitamwambia Mama Hamisi.

Bado naogopa. Basi nitaogopea njiani.