Mstari wa Thelathini na Saba

Jumatatu, 30 Juni 2025
Endarasha. Baridi kali, umande mzito. Mstari wa 37 umechanua – mara ya kwanza tangu tuupande, miaka tisa! Sijapima nyasi ya nepia yenye mashina mazito kuliko haya. Kiwanda cha chai kule Tetu kingeweza kuyachoma badala ya kuni za mikaratusi. Lakini bila mbegu hatuna ila vipandikizi, na kila kipandikizi hurithi ugonjwa wa kudumaa. Vimebaki vichaka sita. Leo nimeyapaka masuke chavua ya aina inayostahimili ugonjwa, nikayafunga kumi na manne kwa mifuko ya khaki. Mbegu zitakomaa baada ya wiki nne.

Nderitu, mwenye shamba, ameutunza mstari huu kuliko mimi. Hakuwepo kuona. Amelazwa wadini, hospitali ya Nyeri.

Jumatano, 2 Julai
Nimemweleza Nderitu. Akacheka bila sauti. "Ati imechanua? Na mimi niko hapa nimelala kama tajiri!" Ameomba jambo moja tu: azione mbegu. Nimeahidi. Sina desturi ya kuahidi.

Ijumaa, 11 Julai
Daktari amemwita Magdaline, mke wa Nderitu, kando. Hakuna tiba zaidi. Atarudishwa nyumbani Jumatano. Wiki nne hazipunguziki.

Jumanne, 15 Julai
Nilikuwa mjini kutafuta dawa ya maumivu. Nimefika saa kumi. Shamba limefyekwa – lote!

Watu wa kanisa walikuja asubuhi ili Nderitu akute boma nadhifu. Huku, nepia iliyochanua ni aibu: hutangaza kwamba nyumba haina mtu wa kukata. Na mifuko? Mzee Gicheru, mmoja wao, alidhani ni ya kuzuia ndege.

"Ndege zimekushinda, Profesa? Hiyo nyasi ilikuwa imezeeka, ng'ombe haiwezi kula. Tumekata vile Nderitu alitufundisha – ngumi moja kutoka chini."

Kweli. Aliwafundisha mbele yangu. Nikasema asante.

Katika hori la ng'ombe, chini ya mabaki waliyoyaacha, nimeokota mfuko mmoja. Siku kumi na tano tu. Nimebonyeza punje chache kwa kucha. Zote zimetoa maji meupe. Hazitaota. Visiki vyaweza kuchanua tena mwakani. Mwakani si wake.

Jumatano, 16 Julai
Amefika saa sita. Akaomba abebwe kwa kiti hadi shambani. Akavitazama visiki muda mrefu.

"Nani amekata?"

"Kanisa yote!" akasema Magdaline, kwa fahari.

"Wamekata vizuri," akasema. "Ngumi moja."

Gicheru alifurahi mno. Nderitu hakuniuliza lolote mbele ya watu. Hata kunitazama hakunitazama.

Sasa saa kumi na moja. Niko jikoni peke yangu, mfuko uko mezani. Nilifikiri kumwambia Nderitu kwamba mbegu zimekomaa. Upuuzi. Punje tupu yeye huitambua kwa kucha, haraka kuliko mimi.

Magdaline amepita mara mbili akitafuta lenzi niliyompa mumewe mwaka ule wa kwanza.

"Anasema anakujua, Profesa. Anasema lazima ulitafuta mpaka kwa hori. Umpelekee chenye ulipata, aone kabla jua iingie."

Ameipata, kumbe ilikuwa ndani ya Biblia. Anaifuta kwa leso.