Theluji Niliyokuletea kutoka Jabal Shams

Kaka Salim,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikangoja, kama vile bado ungeitikia.

Nimemaliza shule. Mama hajambo, Bibi hajambo kidogo. Baba haongei sana siku hizi. Tangu ngamia alipokatiza mbele ya gari lako barabara ya Sinaw, Baba akimwona ngamia, hata awe mbali, husimamisha gari na kungoja mpaka apotee machoni.

Ubao wako wa kutelezea kwenye theluji uko chumbani kwangu. Unakumbuka uliporudi nao kutoka masomoni Ulaya? Bibi aliuzunguka, akakuuliza, "Mlango umetuletea, nyumba ipo wapi?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanifundisha mimi, niliyekuwa naona haya hata kukimbia mbele za watu. Ulinipeleka kwenye vilima vya mchanga Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajafika, ukausugua ubao kwa mshumaa ili uteleze, ukanishika mkono mpaka nikakwambia niachie. "Mchanga ni mazoezi tu," ulisema. "Siku theluji ikianguka juu ya mlima wetu wa Jabal Shams, wa mwanzo kuteleza ni wewe."

Basi msimu wote wa baridi nimeingoja. Nilimwomba Baba anipeleke. Nilidhani atakataa, lakini alichukua ufunguo wa gari. Mara ya kwanza tulikuta upepo mtupu. Mara ya pili mvua ya mawe, ikayeyuka tukiitazama. Halafu Ami, ndugu yake Baba, akapiga simu kutoka Nizwa: mlima mweupe. Tukatoka kwetu Ibra baada ya sala ya alfajiri, ubao nyuma ya gari. Njiani wadi, lile bonde la mto mkavu, ilikuwa imejaa maji ya mvua, tukasimama na wengine kungoja maji yapungue. Tulipoanza kupanda, jua lilikwishakuwa kali. Magari yalikuwa yanashuka na mafungu ya theluji juu ya boneti, vijana wanaimba. Niliinamisha kichwa nisiwaone.

Juu palikuwa na mawe na matope. Chini ya mwamba mmoja tu, kivulini, ilibaki theluji ukubwa wa msala wa kusalia. Niliuweka ubao juu yake, nikasimama kama ulivyonifundisha, magoti nimeyakunja. Haukwenda, Kaka. Ulikwaruza jiwe, ukakwama. Baba akageuza uso, mabega yake yakitikisika. Sijapata kumwona hivyo, hata siku walipokutoa nyumbani.

Sikutaka turudi mikono mitupu. Nilichukua themosi yetu, nikamwaga kahawa iliyobaki, nikaijaza chupa theluji. Unajua sisi wanawake hatukukusindikiza makaburini. Mpaka leo sijui umelala upande gani. Tulipofika Ibra nilimpa Baba ile chupa, nikasema tu, "Mpelekee." Alikwenda peke yake. Aliporudi, chupa ilikuwa tupu na viatu vyake vimejaa vumbi.

"Ilikuwa bado baridi," aliniambia. "Nimemwambia imetoka kwako."

Sikuteleza, Kaka. Baridi imekwisha, na wewe hupo, na ubao nimeusugua kwa mshumaa ingawa sina pa kuupeleka. Lakini mwakani nitamwomba Baba tukalale huko huko mlimani, tuingoje theluji. Ikianguka nitateleza, na nitaliita jina lako kwa sauti, watu wasikie, wala sitaona haya.

Mwenyezi Mungu akulaze pema. Pumzika, Kaka yangu.

Mdogo wako,
Zuwena