Jioni ni ya Kampuni

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe nane, mwezi wa tisa.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu wa uzeeni,

Nakusalimu wewe, na mke mwenzangu uliye naye huko, na mtoto. Hamjambo? Baridi imepungua au bado mnatembea kama mafurushi? Mguu wako ulioteguka kazini umepona kweli, au ndiyo yale yenu ya "niko poa, bibi" huku unachechemea? Mimi sijambo. Magoti yananisumbua, ila bado nabishana nayo. Ukisikia nimeacha kubishana, njoo unizike.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo soma polepole, na usimpe mkeo akusomee. Ningeweza kuazima simu ya fundi cherehani, jirani yetu, nikakupigia. Lakini kwenye simu unanikatiza, "sawa bibi, sawa bibi," na mimi nikikatizwa hasira inameza maneno. Barua haikatizwi. Nikimaliza, fundi cherehani ataipiga picha akutumie. Simu ya mama yako sikuitaka. Analala nayo, na masikio ndiyo kitu pekee kisichougua mwilini mwake.

Basi, betri.

Betri yako ipo. Imebandikwa ukutani kwenye korido, nyeupe, kama jokofu lisilo na mlango, na kila mgeni anaoneshwa kabla hajapewa kiti. Mama yako ndiye mwoneshaji. "Hii kaninunulia mwanangu." Sikatai, ulitutendea. Umeme ukikatika mtaa mzima gizani, sisi tunawaka kama tuna harusi. Najua ulifanya zamu mbili ili iwepo, na Mungu ameona.

Lakini nikuulize, Bwana Mipango, maana ndivyo tunavyokuita hapa ukiwa hausikii: ulinunua betri, au ulinunua punguzo?

Nilikuwepo siku zote zile, mkidhani sielewi. Ulianza kwa kusema bei ni ya betri. Kumbe betri peke yake ni ng'ombe bila kamba. Ikaja bei ya inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme. Zikaja nyaya. Sanduku letu la swichi likaonekana limezeeka kuliko mimi, likang'olewa. Mkaguzi naye hakuja kwa mapenzi. Ukasema tusiogope, kampuni ya umeme inarudisha theluthi ya bei. Kumbe ni theluthi ya betri tu, si ya nyaya wala ya mikono ya fundi. Na inarudishwa ukishalipa yote kwanza. Na fundi lazima awe wa kwenye orodha yao, ndiyo maana mjomba wako, aliyekuwa tayari kufunga kwa bei ya kindugu, alikataliwa, na mpaka leo akija hapa anasalimia ukuta. Ukaharakisha kwa sababu mwakani punguzo linashuka. Anayekimbilia punguzo haangalii anapokanyaga.

Hayo yote ningeyasamehe. Pesa ni zako na jasho ni lako. Nisiloweza kulisamehe ni lile sharti, na jinsi ulivyolisema.

Ulikubali kwamba jioni, watu wote wakiwasha majiko na taa, kampuni ivute umeme kutoka kwenye betri yetu, kwa miaka mitano. Hiyo ndiyo bei ya punguzo. Mimi naielewa hivi: ng'ombe umeuziwa rahisi kwa sababu maziwa ya jioni si yako. Sawa. Watu wameuza vibaya zaidi ya hapo.

Ila ukampigia mama yako simu, akaweka spika, na mimi nilikuwa jikoni. Ulimwambia, "Mama, jioni ni ya kampuni. Msiichezee betri jioni, tukivunja masharti watadai punguzo lote." Ukacheka, ukaingia kazini. Ulikuwa unasema juu ya watu wanaochomoa nyaya, hilo nimeelezwa baadaye. Lakini wewe unamjua mama yako. Neno lako kwake ni amri, hata ukisema kwa mzaha, hata ukisema huku unatafuna.

Sasa nikuambie usilolijua. Amenikataza, na ninavunja katazo lake nikiwa na akili zangu timamu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitakaa hapa kusubiri kuumbuliwa.

Kile mama yako anachokuambia ni kikohozi tu, si kikohozi. Miaka yote ile aliyochambua pamba kiwandani, akikulipia ada, vumbi lilikuwa linamkalia kifuani. Tangu kabla ya mvua anapumua kwa mashine ya oksijeni tuliyoazimwa na hospitali. Iko kando ya kitanda, inanguruma kama mzee mwenye mafua, bomba lake linaingia puani. Ukipiga simu anaizima ili usisikie mngurumo. Ndiyo maana mazungumzo yenu ni mafupi siku hizi. Wewe ulidhani anakuhurumia vocha.

Fundi wa betri alipokuja kufunga, aliuliza kama nyumbani kuna mashine ya tiba. Mama yako akajibu hakuna. Aliogopa tukikutwa na mgonjwa tutanyimwa punguzo. Mimi nilikuwa sokoni, mashine ilikuwa chini ya shuka.

Baada ya hapo nikawa naona kila jioni kuna ukimya chumbani kwake. Nikamuuliza. Akasema, "Daktari kasema mashine ipumzike jioni." Nikaamini. Punda hupumzika, nikasema moyoni, labda na hizi hupumzika.

Wiki iliyopita nikampelekea uji mapema kuliko kawaida. Nilimkuta amekaa sakafuni, paji la uso kwenye godoro, kucha zimegeuka zambarau, midomo kama majivu. Bomba amelikunja vizuri, amelitundika kwenye msumari kama mkanda wa mtu aliyerudi kazini. Nikaenda kwenye swichi. Akaninyooshea mkono kunizuia. Pumzi hana, ila ile kidogo aliyobaki nayo akaitumia kuniambia, "Bado, mama. Bado hawajamaliza kuvuta."

Mjukuu wangu, nimezika mume na watoto wawili. Sijasikia neno baya kama hilo.

Alikuwa anazima mashine kila jioni ili betri ibaki imejaa, kampuni ikute haki yake, na wewe usidaiwe.

Tulimpeleka hospitali, fundi cherehani akiwa amembeba miguu na mimi kichwa. Daktari ni mwanamke asiyejua kupaka asali. Kasema mapafu yameutupia moyo mzigo wao, moyo umechoka, na kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kama mashine haizimwi. Alilirudia hilo akinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nazima.

Aliporuhusiwa nikamwita fundi wa betri. Nikamuuliza mbele ya mama yako, "Mgonjwa akiacha mashine yake iwake jioni, tunapigwa faini?"

Akacheka. Kisha akaliona bomba puani, kicheko kikafa. "Faini ya nini, bibi? Kampuni inavuta inachokikuta. Ikikuta kidogo, inachukua kidogo."

"Na punguzo?"

"Punguzo linadaiwa mtu akijitoa au aking'oa mitambo. Hawadai kwa sababu mtu amepumua."

Akasema tena kwamba nyumba yenye mashine ya tiba haiguswi jioni, betri yote inaachiwa mgonjwa, endapo umeme utakatika. Angeambiwa siku ile angeandika. Sasa mpaka aombe mwenyewe aliyesaini. Nikamuuliza kama watadai sehemu ya punguzo. Akasema hajui, huenda wakadai. Angalau huyo hakunidanganya.

Utadhani yameisha. Mama yako alimsikiliza fundi kwa adabu, akamshukuru, akasubiri geti lifungwe. Halafu akaniambia, "Huyo anataka kututia matatani. Mwanangu ndiye aliyesoma mkataba." Kesho yake jioni nilitoka kuanua nguo. Narudi, kimya.

Kwa hiyo nimehamishia kiti changu kwenye plagi. Nala hapo, nachambua mchele hapo, barua hii nimeiandika hapo, yeye akisinzia. Tunagombana kama watoto. Juzi kaniambia, "Mama, wewe hujasoma, haya mambo huyajui." Nikamwambia ni kweli, sijasoma, ila nilikuwepo ulipovuta pumzi ya kwanza na sina mpango wa kuwepo kwenye ya mwisho. Akageukia ukuta. Mimi nina umri wangu. Kuna siku nitasinzia, au nitakwenda msalani, na yeye ananivizia kama paka.

Sasa fanya ninayokuambia, na usipange.

Iandikie kampuni leo. Waambie kuna mgonjwa na kuna mashine. Wakidai sehemu ya punguzo, lipa. Wakidai lote, omba ulipe kidogo kidogo. Usiniletee hesabu, sizitaki.

Lakini kabla ya kuandika, mpigie mama yako. Mimi haniamini, fundi hamwamini, daktari anamwitikia tu. Usimuulize hali, atasema nzuri. Usimwombe radhi wala usilie. Ukilia atakubembeleza, na hana pumzi ya kumbembeleza mtu. Mwambie kwa kinywa chako kwamba jioni ni yake. Mwambie unataka kuusikia mngurumo wa mashine, na ukae kwenye simu mpaka uusikie. Vocha ikiisha, nunua nyingine.

Na usianze kujilaumu. Kujilaumu ni starehe ya mwenye muda. Kama unataka kunifurahisha, fanya haraka. Mimi mwenyewe nitakulaumu vya kutosha ukija.

Msalimie sana mke mwenzangu, mwambie asikuache ulale kabla hujapiga. Mbusu mtoto, mwambie bibi mkubwa ana meno mawili ya kumng'atia. Mjomba wako anakusalimia, ingawa hakusema. Fundi cherehani anakusalimia na anasema suruali yako iko tayari tangu mwaka juzi. Mungu akufungulie njia, akupe afya, akuepushe na vya rahisi.

Naishia hapa. Jua linashuka, na kwenye plagi hii hakuna wa kunipokea zamu ila sauti yako.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ninapokuchapa.