Jina Lako kwenye Zizi la Tembo

Oklahoma, Januari

Kwako Royce, mdogo wangu,

Mama hajambo. Theluji imefika magotini, na pai yako ya Krismasi nimeila mimi.

Umeniuliza habari za Pearl. Tembo wako alizaa Jumanne. Nilikusihi usimhamishe mama yake kabla Pearl hajajifungua, kwa kuwa tembo hujifunza kulea kwa kuwatazama wakubwa wake. Ukanicheka mbele ya wenzangu: "Kaka, kufagia mavi kumekuharibu akili! Tembo ni mnyama, atajua mwenyewe." Ukatia sahihi hati za kumhamisha, mama mtu akapakiwa kwenye lori kwenda Florida, ati huko kuna dume bora la kumpanda.

Pearl hakuwahi kuona ndama maishani mwake. Wake alipozaliwa na kuanguka chini, alimwogopa, akampiga teke, akampiga tena. Tulipomtoa ndama, alikuwa ameshakufa.

Ulitaka ndama apewe jina lako, waandishi waje wapige picha. Sikukunyima. Nimelichonga kwa mkono wangu kwenye ubao, herufi kubwa, nikaupigilia juu ya kaburi lake nyuma ya zizi. Njoo na waandishi wako.

Mfagia mavi,
Wendell