Khaled na bendera ya Kiriri

Raihana we! Acha kila kitu usome. Khaled wetu ameshinda mbio za baiskeli za kule Kiriri, na sasa amejificha chini ya kitanda ya mama yangu!

Unajua ile baiskeli yake ya kubeba ndizi. Haina freni, anaisimamishaga na sandali. Kwenye muteremuko sandali ikamutoka. Palepale, mbele ya kambi ya askari, filimbi ikalia: wanapandisha bendera! Na siku hizi za vita, bendera ikipanda nani anatikisika? Washindani wote wakasimama kama miti. Wote!

Khaled peke yake akapita. Akapita mbele ya bendera, Raihana! Kidole juu, anasoma shahada, anangoja risasi tu.

Risasi apana. Akafika wa kwanza.

Halafu komanda akashuka anauliza, "Ule wa kidole iko wapi?" Khaled akatupa baiskeli, mbio mpaka kwetu.

Kumbe komanda ndiye aliyealikwa kutoa zawadi! Alikuwa amebeba kombe!

Mi nimemwambia, toka ukalichukue. Anasema apana, wabaki nalo, walipandishe pamoja na bendera.