Saa ya Congo Jikoni kwa Mama

Jumatatu, 5 Mei 2025. Arua

Barua pepe imekuja! Nimeitwa kwenye usaili. Waombaji zaidi ya mia tatu, wamebaki kumi na wawili, nafasi ni mbili. Shahada ya uzamili, ufadhili kamili. Nimeisoma mara nne nikimtafuta huyo Night mwingine, mwenye jina langu, waliyemkusudia. Hayupo. Ni mimi.

Usaili ni wa video. Jumatano ya wiki ijayo, tarehe 14, saa saba kamili mchana, saa za Uganda. Wamepigia mstari. Sharti: apu yao inakubali simu moja tu, ile uliyojisajilia. Hakuna kuazima ya mtu. Na sentensi ya mwisho: inashauriwa simu iwe na toleo jipya kabisa la mfumo.

Inashauriwa. Mtu mwenye akili timamu angelisoma neno hilo kama ushauri.

Jumanne, 6 Mei

Nimefanya apdeti. Bando lote la wiki limekwenda.

Christelle alikuwa anakunja vitenge vyake vya kupeleka sokoni. Tunapanga nyumba moja. Kwao ni Aru, ng'ambo ya mpaka. Aliniuliza nafanya nini, nikampa mhadhara: usalama, kasi, mashimo yanayozibwa. Nilichora hata mchoro! Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Halafu: "Night, simu ilikuwa muzima. Sasa unaipeleka ku lopitalo ya nini?" Lopitalo, yaani hospitali.

Nikacheka. Mimi nina shahada ya teknolojia ya habari. Yeye ana simu yenye ufa katikati ya skrini tangu nimjue.

Saa tisa simu ikawaka. Alama zote zimekuwa za mviringo, rangi zimetulia. Nikamwonyesha. Akasema imevaa vizuri.

Jumatano, 7 Mei

Saa mbili asubuhi chaji asilimia mia. Saa tano, kumi na tisa. Sijampigia mtu. Simu ina moto kama chapati, naihamisha mkono huu na huu. Ninaandika neno, herufi zinakuja baadaye, moja moja, kwa miguu.

Nimesoma mtandaoni: wengine wanalia pia, nchi nzima nzima. Kampuni imejibu kwamba ni kawaida, mfumo unahitaji siku chache kujipanga. Sawa. Hata mimi nimehitaji miaka ishirini na sita, na bado.

Christelle anaimba tu, kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Alhamisi, 8 Mei

Jipya! Nagusa kitu, simu inafungua kilicho chini yake. Nilitaka kumpigia Akram, binamu yangu, fundi simu Koboko. Chini ya Akram kuna Alphonsine, kiongozi wa kikundi cha maombi ambacho nilikitoroka mwezi wa pili. Alifurahi mno. Nikashindwa kusema nimekosea. Nikasema nina shida ya simu. Akaiombea. Dakika ishirini na mbili, Kifaransa ndani, na mimi nimefumba macho — kwa nini nimefumba macho? Hanioni!

Chaji imeshuka wakati wa maombi kutoka arobaini hadi kumi na moja.

Ijumaa, 9 Mei

Arifa zimekuwa bubu. Ujumbe wa juzi umefika leo, wa leo sijui utafika lini. Kalenda ambayo ingenikumbusha usaili haisemi chochote. Nitajikumbusha mwenyewe. Kana kwamba nafikiria kitu kingine.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Pendekezo langu la utafiti linahusu matumizi ya simu katika miji ya mpakani. Ukurasa wa nne, sentensi ninayoipenda kuliko zote: "Wakazi wengi wa mpakani hawana elimu ya kutosha ya kidijitali." Niliandika hivyo nikiwa nimekaa wima. Ina mizani. Ukiisoma kwa sauti unajisikia profesa.

Kesho naenda Koboko kwa Mama. Akram aiangalie hii simu kabla sijaitupa chooni.

Jumamosi, 10 Mei. Koboko

Mama amenipima kwa macho, akasema nimekonda, akanipa ugali wa muhogo wa watu wawili. Baba mdogo Sule, baba yake Akram, amekaa kwenye kiti chake kilekile. Miaka kumi na minane jeshini, upande wa redio za mawasiliano. Hata salamu yake ni ripoti.

Alitazama simu yangu mkononi. "Hiyo saa yake iko ya wapi?"

Nikamwambia ni simu, Baba mdogo, saa yake inajipanga yenyewe, kwa mtandao.

Akasema, "Ndiyo. Mimi nauliza, mtandao ya wapi?"

Nikacheka. Mzee wa redio. Nikaenda kuoga.

Akram amefungua simu, amepuliza, amefunga. Kioo hakina tatizo, betri haina tatizo. "Hii si ugonjwa ya mwili, dada. Hii iko ugonjwa ya kichwa." Kurudisha toleo la zamani kunafuta kila kitu, pamoja na usajili wa apu. Kwa hiyo hakuna. Tutaishi nayo hivyohivyo mpaka Jumatano. Alisema "tutaishi". Nilipenda hiyo "tu".

Jumapili, 11 Mei

Mama anaimba kwaya, alitangulia. Nimefika misani nikiwa nimewahi robo saa nzima, na nikakuta padre yuko katikati ya mahubiri! Nimeketi nyuma kabisa, uso unawaka. Inaelekea siku hizi Koboko watu wanaanza mapema. Maendeleo.

Mama ameniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia padre amewahi. Akasema labda nilale zaidi.

Jumatatu, 12 Mei

Mama yuko soko la Ludara na maharagwe yake. Mimi jikoni, nasoma majibu yangu kwa sauti kwa sufuria.

Ujumbe umeingia, wa kwanza kufika kwa wakati tangu apdeti: "Karibu Congo! Furahia huduma zetu." Niko jikoni kwa Mama! Nimekaa juu ya kinu! Nimeupiga picha ule ujumbe, nikamtumia Christelle. Amejibu: "Karibu kwetu. Leta sabuni."

Jumanne, 13 Mei

Akram amegundua! Amekaa na simu saa nzima dukani kwake, anaigusa, anaandika kwenye boksi la chaja. Simu ikiwa baridi, inasoma kidole mahali kilipo. Ikipata moto, inasoma mstari mmoja chini. Kwa hiyo simu ikiwa ya moto, gusa juu ya unachotaka. Ikiwa baridi, gusa penyewe. Na tuiweke juu ya kitambaa chenye maji.

Nimemuuliza amejuaje kupima hivyo. Akashangaa swali. "Si unaangalia tu, dada?"

Maandalizi: blauzi nyeupe imefuliwa. Data ipo. Chaja ipo. Kengele ya simu nimetegesha saa sita na nusu, na mazoezi ya mwisho nitafanya saa sita kamili. Mama ametoa kitambaa cha meza cha Pasaka kiwe pazia nyuma yangu. Kina vifaranga. Nimekigeuza upande wa pili. Vifaranga vinaonekana bado, ila kama mizimu.

Mama aliniuliza, nikipata, naondoka lini. Nikamwambia Septemba. Akaendelea kuchambua maharagwe. Baadaye akasema, mimi siogopi wewe kwenda, naogopa wewe kukosa halafu ujilaumu mpaka Krismasi. Ananijua vibaya sana huyu mama. Vibaya, maana yake vizuri.

Jumatano, 14 Mei, asubuhi

Nimeamka kabla ya jogoo. Nimekunywa chai, nimerudia majibu, nimekunywa chai. Simu iko kwenye kitambaa chenye maji, imezimwa, inapumzika kuliko mimi. Nitaiwasha baadaye kidogo. Kila kitu kiko chini ya udhibiti. Nimeandika sentensi hiyo ili nije niisome.

Jumatano, 14 Mei, mchana

Nimekuja. Nimeisoma. Mjinga!

Niandike upesi, nikiwa hapa kwenye chumba cha kusubiri cha apu, mduara unazunguka, maana nisipoandika nitalia na wataniona nimevimba macho.

Nilikuwa napiga pasi blauzi. Adhana ya adhuhuri ikaanza. Nikawasha simu, nikaangalia: saa tano na dakika hamsini na sita. Mama akaita kutoka nje, "Night! Adhana napiga, wewe bado iko na pasi?"

Nikamjibu — na hili nitalikumbuka nikiwa bibi — nikamjibu kwa sauti ya kufundisha: "Muadhini amewahi, Mama."

Muadhini amewahi! Padre Jumapili aliwahi. Muadhini leo amewahi. Jua lenyewe lilikuwa juu ya utosi wa kuku pale uani, na mimi nikasema hapana, jua limekosea. Simu iliyoshindwa kumtofautisha Akram na Alphonsine, hiyo ndiyo nikaiamini!

Nikaendelea na mikono ya blauzi. Taratibu. Nikanyoosha na kola.

Baba mdogo alirudi msikitini, akanikuta nimekaa sebuleni, nimepandanisha miguu, nafanya mazoezi ya mwisho, nasubiri kengele ya saa sita na nusu. Akasimama mlangoni. "Usaili imekwisha?"

Nikasema bado, ni saa saba.

Akanyoosha mkono wake wa kushoto. Ile saa aliyopewa jeshini, kamba imeshonwa kwa uzi wa viatu. Saa saba na dakika kumi na nne.

"Wewe kijana," akasema, "tangu Jumamosi wewe iko Congo."

Akram alikuja mbio na viatu vya kuogea. Akaingia kwenye mipangilio, sekunde tano tu: saa ya kujipanga yenyewe, imewashwa. Hapa Koboko simu inakamata mnara wa ng'ambo, na ng'ambo wako nyuma saa moja. Kila mtu anajua! Kila mtu ameizima. Mimi mwenyewe huizima kwenye kila simu yangu tangu kidato cha tatu. Apdeti imeiwasha tena, bila kuniuliza. Akram anasema wateja kumi na moja wamemletea simu kwa ajili hiyo tangu wiki jana. "Hata yule bibi ya samaki iliona siku ya kwanza. Mimi nikadhani wewe umeshazima, dada. Wewe ndiyo iko na degree."

Ukurasa wa nne wa pendekezo ulikuwa mezani, umefunuka.

Nimeingia kwenye apu saa saba na dakika ishirini na moja. "Tafadhali subiri, utaruhusiwa." Ama "utaruhusiwa" ni neno tu wanalompa kila mtu. Mduara. Baba mdogo amepiga magoti, ameshika kitambaa chenye maji mgongoni mwa simu kama anamshusha mtoto homa. Mama amesimama kwenye pazia ili lisianguke. Nimemwambia miguu yake inaonekana. Amesema basi waone.

Mduara.

Wameniruhusu!

Watu watatu. Katikati mama mmoja mwenye miwani ya fedha. Amesema wamesikitika kwa kuchelewa kwangu ila mtu aliyenifuata hakutokea, hivyo wana dakika kumi na tano. Kumi na tano! Akauliza swali la kwanza. Ukurasa wa nne. Anataka nieleze nilipataje ushahidi kwamba watu wa mpakani hawana elimu ya kidijitali.

Nilifungua mdomo. Sauti yangu imezimwa. Nilipotaka kugusa kipaza sauti, kikatokea kibao katikati ya skrini, kimeziba kila kitu huko chini:

"Toleo jipya lipo. Linarekebisha hitilafu ndogo ndogo."

Chini yake kitufe: Baadaye. Chini ya Baadaye: Sasa. Na juu tu ya Baadaye, kimechungulia ukingoni mwa kibao, kitufe chekundu cha apu: Toka.

Nikigusa Baadaye na simu ina moto, itasoma Sasa. Itazima, dakika arobaini, kwaheri. Nikigusa Toka na simu ina moto, itasoma Baadaye, na nimeokoka. Nikigusa Toka na simu ni baridi — nimetoka. Mwenyewe. Kwa kidole changu.

Kwa hiyo swali zima la maisha yangu: je, simu hii ina moto? Mbele inachoma. Nyuma kitambaa kimebana, maji yanatiririka kwenye kiwiko cha Baba mdogo.

Yule mama wa miwani ametabasamu. Anasema anaona naandika vidokezo kabla ya kujibu, vizuri sana, nichukue muda wangu, ni dalili ya mtu makini.

Kwa hiyo naandika. Sithubutu kuacha. Natikisa kichwa kwa umakini na kuandika: vidokezo, vidokezo, vidokezo.

Mama ananong'ona nibonyeze tu, Mungu iko. Baba mdogo anasema ngoja, inapoa. Nimemwangalia Akram. Ameweka nyuma ya kidole chake kwenye kona ya simu, kama anavyopima chuma cha kuchomelea, amesikiliza kidogo. Halafu amenionyesha: juu. Kwenye nyekundu.

Mkono wa kulia unaandika hii. Kidole cha kushoto kiko hewani, juu ya Toka.

Nimemuuliza kwa macho, una hakika?

Ameinua mabega. "Si unaangalia tu, dada?" Nashusha kidole.